Muhuri na Kibali: Ukaazi wa Muda Mrefu wa Wageni na Uvukaji wa Mipaka ya Nchi Kavu kati ya Tanzania na Kenya

IKISIRI

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya viza, muhuri wa kuingilia, kibali cha ukaazi na vibali vya shughuli kwa mgeni anayeishi kwa muda mrefu Tanzania au Kenya na kuvuka mara kwa mara mipaka ya nchi kavu ya nchi hizo. Hoja kuu ni kwamba kuvuka mpaka na kugongewa muhuri mpya hakumpatii mgeni haki ya ukaazi. Haki hiyo hutokana na hadhi inayotolewa na mamlaka husika kabla mhusika hajafika mpakani. Makala yanaonesha namna matumizi mapana ya maneno kibali, hati na kadi katika Kiswahili cha kila siku yanavyoficha tofauti hizo za kisheria, na yanaeleza sababu za mpaka wa nchi kavu kuhitaji maandalizi zaidi kuliko uwanja wa ndege. Aidha, yanajadili athari za mkanganyiko huo kwa watafiti wa kigeni na yanapendekeza utaratibu unaofaa kufuatwa.

1.0 Utangulizi

Mpaka wa Tanzania na Kenya umefuata kwa sehemu kubwa mstari uliokubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, kutoka pwani ya Vanga hadi Ziwa Viktoria, ukipinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro. Mstari huo ulizigawa jamii zilizokuwa na uhusiano wa muda mrefu wa ukoo, malisho na masoko. Kutokana na historia hiyo, wenyeji wa maeneo ya mpakani wameendelea kuvuka kwa ajili ya soko, msiba, harusi na matibabu kana kwamba wanahama mtaa mmoja kwenda mwingine. Namanga ni jina la mji ulio pande zote mbili za mpaka, kama ilivyo kwa Busia baina ya Kenya na Uganda.

Mgeni anayehamia Arusha, Moshi, Nairobi au Mombasa hukutana na mazingira hayo ya mazoea. Huona watu wakipita kwa wepesi, huona mabasi yakivuka kila siku, na husikia wageni wenzake wakisema kwamba muda wa kukaa unapokaribia kwisha, inatosha "kwenda kugonga muhuri" mpakani na kurudi. Usemi huo unaeleza tendo linaloonekana kwa macho, lakini hauelezi maana yake kisheria. Mtu anaweza kugongewa mihuri kumi halali, kila mmoja kwa tarehe yake, na bado akawa anaishi nchini kwa namna isiyoruhusiwa.

Makala haya yanalenga kufafanua tofauti hiyo. Tanzania na Kenya zimechaguliwa kwa sababu zinaunganishwa na vituo kadhaa vya mpakani, ambavyo ni Horohoro na Lunga Lunga, Holili na Taveta, Tarakea na Illasit, Namanga, pamoja na Sirari na Isebania. Vilevile, nchi zote mbili hupokea wanafunzi, watafiti, wafanyakazi wa mashirika, wamisionari na wawekezaji kutoka nje ya Afrika Mashariki. Raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanajadiliwa pale ambapo hadhi yao inatofautiana na ya wageni wengine.

2.0 Maneno Yanayochanganywa

Chanzo kimojawapo cha mkanganyiko ni lugha. Neno kibali katika Kiswahili hubeba dhana ya idhini ya aina yoyote: kibali cha kuingia, kibali cha ukaazi, kibali cha kazi, kibali cha utafiti, hata kibali cha kupiga picha. Msikilizaji anayeambiwa kwamba fulani "ana kibali" hajui bado ni kipi, kimetolewa na nani wala kinaruhusu nini. Hali ni hiyohiyo kwa neno hati. Usemi "kadi ya njano" nao una maana mbili mpakani: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kadi ya bima ya gari inayotambuliwa katika nchi zinazoshiriki mpango wa bima wa COMESA. Dereva aliyeambiwa aandae kadi ya njano anaweza kufika na moja akidaiwa nyingine.

Ili kuondoa utata huo, makala haya yanatenga maswali manne ambayo sheria huyajibu kwa njia tofauti. Swali la kwanza ni kama mtu anaruhusiwa kufika mpakani na kuomba kuingia. Hili hujibiwa na viza, au na idhini ya kusafiri inayoombwa kwa njia ya mtandao. Swali la pili ni kama ameruhusiwa kuingia, na kwa siku ngapi. Hili hujibiwa na afisa uhamiaji kwa muhuri au kumbukumbu anayoiweka siku hiyo. Swali la tatu ni kama mtu huyo ana haki ya kuishi nchini zaidi ya muda wa mgeni wa kupita. Jibu lake ni kibali cha ukaazi au pasi maalumu. Swali la nne ni kama anaruhusiwa kufanya shughuli fulani, yaani kuajiriwa, kufanya biashara, kusoma au kutafiti. Hili hujibiwa na mamlaka inayosimamia shughuli hiyo, ambayo mara nyingi si ya uhamiaji.

Kutokana na mgawanyo huu, viza haipaswi kueleweka kama haki ya kukaa. Viza humfikisha mgeni mbele ya dirisha la afisa uhamiaji, na uamuzi wa kumruhusu kuingia pamoja na idadi ya siku hufanywa hapo. Aidha, muda wa kutumia viza ni tofauti na muda wa kukaa. Viza ya Tanzania ya kuingia mara nyingi inaweza kutumika kwa kipindi cha hadi miezi 12, lakini kila ukaaji haupaswi kuzidi miezi mitatu. Mgeni anayesoma tarehe ya mwisho ya viza akaichukulia kuwa tarehe yake ya mwisho ya kuondoka atakuwa amejibu swali la pili kwa kutumia jibu la swali la kwanza.

3.0 Misingi ya Ukaazi wa Muda Mrefu

3.1 Tanzania

Ukaazi wa wageni nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, iliyotungwa mwaka 1995. Sheria hiyo inaweka vibali vya ukaazi katika madaraja matatu. Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri. Daraja B ni la walioajiriwa na mwajiri aliyepo nchini. Daraja C linahusu makundi mengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti, wamisionari na watu wanaojitolea.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, ilitenganisha waziwazi kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Vibali vya kazi vina madaraja yake, kuanzia A hadi E, na herufi hizo hazilingani na zile za ukaazi. Daraja C la kibali cha kazi linahusu taaluma za ajira, ilhali Daraja C la kibali cha ukaazi linahusu wanafunzi na watafiti. Mgeni anayesema kwamba yuko "Daraja C" bila kutaja ni kibali kipi amesema nusu tu ya habari.

Jambo jingine linalohitaji kuzingatiwa ni muundo wa Muungano. Uhamiaji ni miongoni mwa mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa katika nyongeza ya kwanza ya Katiba ya mwaka 1977. Masuala ya kazi hayamo katika orodha hiyo. Kwa hiyo, Sheria ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005. Mgeni aliyeajiriwa Dar es Salaam anayehamishiwa Unguja hapaswi kudhani kwamba idhini yake ya kazi inahama pamoja naye.

Kati ya viza ya matembezi na kibali cha ukaazi ipo viza ya biashara. Hii hutolewa kwa kazi za muda mfupi zisizozidi miezi mitatu, kama vile kutengeneza mtambo au kufundisha kwa kipindi kifupi. Viza hiyo ni njia halali kwa kazi yenye mwisho unaojulikana, na si hatua ya kwanza ya ukaazi wa kudumu unaohuishwa kila robo mwaka.

3.2 Kenya

Nchini Kenya, msingi ni Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Vibali vimepangwa kwa herufi kulingana na shughuli: D kwa walioajiriwa, G kwa wafanyabiashara, I kwa wanaofanya kazi za dini, na K kwa wakaazi wa kawaida wenye kipato kisichotokana na ajira nchini humo. Wanafunzi, wategemezi na wanaofanya mafunzo kwa vitendo huwekewa pasi badala ya vibali. Aidha, sheria hiyo inamtaka mgeni anayekaa zaidi ya miezi mitatu mfululizo ajiandikishe na kupewa kitambulisho cha mgeni. Kuandikishwa huko ni wajibu unaosimama peke yake, na kuwa na kibali hakumwondolei mtu wajibu huo.

Tangu Januari 2024, Kenya ilibadilisha mfumo wa viza na kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa njia ya mtandao kabla ya safari. Watoto nao huhitaji idhini yao. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wamesamehewa, na vilevile wageni wenye vibali au pasi halali za ukaazi nchini Kenya. Msamaha huo wa mwisho unathibitisha hoja ya makala haya. Mgeni mkaazi haombi idhini mpya kila anaporudi kutoka Namanga, kwa kuwa hadhi yake ndiyo inayojibu swali la kurudi. Asiye na hadhi hiyo hurudi kila mara akiwa mgeni mpya.

3.3 Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa mujibu wa itifaki hiyo na kanuni zake, raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyingine bila viza na hupewa pasi ya kukaa kwa muda wa hadi miezi sita. Neno "hadi" lina uzito wake: afisa anaweza kuandika muda mfupi zaidi, na muda ulioandikwa ndio unaomfunga msafiri.

Hata hivyo, uhuru wa kuingia haukufuta vibali. Kanuni za uhuru wa wafanyakazi zinamtaka raia wa Jumuiya mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kuingia mkataba, na mamlaka husika inapaswa kukishughulikia ndani ya siku 30. Mkenya anayefundisha Moshi na Mtanzania anayefanya kazi Nairobi wote wanahitaji jibu la swali la nne, ingawa swali la kwanza limekwisha kuondolewa mbele yao.

Zipo pia tofauti zinazotokana na makubaliano ya nchi chache tu ndani ya Jumuiya. Viza ya pamoja ya utalii, iliyoanza mwaka 2014, inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Vilevile, nchi hizo tatu zilikubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kama hati za kusafiria baina yao. Tanzania haimo katika mipango hiyo miwili. Mgeni mwenye viza ya pamoja ya utalii anayetoka Nairobi kwenda Arusha anahitaji viza ya Tanzania, hata kama jina la viza aliyonayo linataja Afrika Mashariki.

4.0 Sifa za Mpaka wa Nchi Kavu

4.1 Ukosefu wa uchujaji wa awali

Msafiri wa ndege huchujwa kabla ya kuondoka, kwa kuwa shirika la ndege hukagua pasipoti na viza likihofia gharama za kumrudisha abiria aliyekataliwa. Kasoro nyingi hugunduliwa akiwa bado nyumbani. Katika safari ya basi, uchujaji huo aghalabu ni mdogo au haupo kabisa. Kondakta hukagua tiketi, na kasoro ya hati huonekana mbele ya dirisha la uhamiaji, saa kadhaa kutoka alikotoka msafiri, mara nyingine usiku, na basi halilazimiki kumsubiri.

Hali mbaya zaidi hutokea msafiri anapokuwa amekwisha kugongewa muhuri wa kutoka katika nchi ya kwanza na kukataliwa kuingia katika ya pili. Ikiwa viza yake ya nchi ya kwanza ilikuwa ya kuingia mara moja, kimsingi imekwisha kutumika. Ipo nafuu ambayo baadhi ya nchi huitoa kwa anayerudi kutoka nchi jirani ya Jumuiya, lakini hutegemea utaratibu wa nchi inayompokea, na haifai kufanywa msingi wa safari bila kuthibitishwa kwanza.

4.2 Vituo vya pamoja vya mpakani

Sheria ya Jumuiya kuhusu vituo vya pamoja vya mpakani ya mwaka 2016 iliweka msingi wa utaratibu ambao maafisa wa nchi mbili hufanya kazi ndani ya jengo moja. Kituo cha Namanga kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018. Kabla yake vilikuwa vimezinduliwa Rusumo baina ya Tanzania na Rwanda mwaka 2016, na Mutukula baina ya Tanzania na Uganda mwaka 2017. Msafiri hupita jengo la nchi anayotoka bila kusimama na hukamilisha taratibu zote mbili katika nchi anayoingia: kwanza dirisha la kutoka, kisha dirisha la kuingia.

Utaratibu huu umepunguza foleni, lakini umeleta aina mpya ya kosa. Kwa kuwa madirisha yote yako katika ukumbi mmoja, msafiri asiyejua anaweza kuhudumiwa na dirisha moja akadhani amemaliza. Aliyekosa muhuri wa kutoka Kenya huonekana katika kumbukumbu za Kenya kuwa bado yumo nchini, na siku zake zinaendelea kuhesabiwa. Aliyekosa muhuri wa kuingia Tanzania hana ushahidi wa kuingia kihalali. Kosa hilo hugunduliwa baadaye sana, aghalabu siku anayoomba kibali au kuondoka kwa ndege.

4.3 Njia za panya

Njia za panya ni njia zisizo rasmi zinazovuka mpaka nje ya vituo. Baadhi ya wenyeji huzitumia kwa shughuli zao za kila siku. Kwa mgeni, hata kuvuka barabara kwenda kununua chakula upande wa pili wa mji wa mpakani ni kutoka katika nchi moja na kuingia nyingine bila kumbukumbu. Kibali cha ukaazi hakimlindi katika tendo hilo, kwa sababu kibali humruhusu kuishi nchini na hakimwondolei wajibu wa kupita kituo rasmi.

Kundi jingine la kuepukwa ni vishoka, yaani watu wasio maafisa wanaojitolea "kusaidia" kugongesha pasipoti kwa malipo. Pasipoti iliyopelekwa dirishani bila mwenyewe kuwapo inaweza kurudi na muhuri usiolingana na kumbukumbu za mfumo. Katika hali hiyo, anayetakiwa kujieleza ni mwenye pasipoti.

4.4 Kufungwa kwa mipaka

Historia inaonesha kwamba mpaka wa nchi kavu unaweza kufungwa kwa ghafla na kwa muda mrefu. Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, wakati wa kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza, na mpaka huo ukafunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka ya karibuni, mpaka wa Gatuna baina ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwishoni mwa Januari 2022. Janga la UVIKO-19 nalo lilizuia usafiri wa abiria katika mipaka mingi ya ukanda huu mwaka 2020. Mgeni ambaye uhalali wake wa kukaa unategemea kuvuka mpaka kila baada ya siku 90 hupoteza uhalali huo siku ambayo mpaka hauvukiki, hata kama yeye hakutenda kosa lolote.

5.0 Desturi ya Kuvuka ili Kupata Muda Mpya

Desturi ya wageni kutoka nchini kwa siku moja na kurudi ili wapate siku nyingine 90 inajulikana katika nchi nyingi duniani. Msingi wake wa kimantiki ni kwamba kila kuingia kunahesabika upya. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa muhuri, lakini haina ukweli kwa upande wa hadhi. Mgeni wa matembezi ni mtu ambaye makazi na shughuli zake viko kwingine. Anayepanga nyumba kwa mwaka, kusomesha watoto katika shule ya mtaani kwake na kupokea mshahara hapohapo amekwisha kuwa mkaazi kwa vitendo, hata kama pasipoti inamtambua kuwa ni mtalii.

Afisa uhamiaji anayefungua pasipoti yenye mihuri ya Namanga iliyofuatana kila baada ya miezi mitatu anausoma mfululizo huo kama maelezo ya maisha ya mtu. Ana mamlaka ya kuuliza, kupunguza idadi ya siku au kukataa kabisa. Kadiri desturi hiyo inavyorudiwa, ndivyo mgeni anavyojiongezea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, mihuri hiyo haijibu swali la nne. Siku 90 mpya zilizopatikana mpakani ni siku 90 za matembezi, na kazi iliyofanywa ndani yake bila kibali cha kazi ni kosa kuanzia siku ya kwanza.

Uhesabuji wa siku nao huleta makosa. Siku 90 na miezi mitatu ya kalenda si kipimo kimoja. Mtu aliyeingia tarehe 1 Julai akapewa siku 90, siku ya kuingia ikiwa imehesabiwa, hufikia kikomo tarehe 28 Septemba. Akihesabu kwa miezi atadhani ana nafasi hadi mwisho wa Septemba, na siku mbili hizo zinatosha kumweka katika kosa la kuzidisha muda.

6.0 Athari kwa Watafiti wa Kigeni

Wanafunzi wa kigeni wa isimu, fasihi na utamaduni wa Kiswahili wana sababu nyingi za kuvuka mpaka, kwani lahaja, miswada na jumuiya za wazungumzaji zimetawanyika kutoka Lamu hadi Kilwa na visiwa vya Zanzibar. Kundi hili ndilo linalokabiliwa zaidi na swali la nne, na matokeo ya kulipuuza hayaishii kwa mtafiti binafsi.

Nchini Tanzania, utafiti wa mgeni huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Kibali hicho ndicho kinachoambatishwa katika maombi ya kibali cha ukaazi Daraja C. Zanzibar ina utaratibu wake wa kutoa vibali vya utafiti. Nchini Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na tume ya taifa iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Hakuna kibali kati ya hivi kinachovuka mpaka. Mwanafunzi aliyekamilisha taratibu zote Dar es Salaam anapofika Mombasa kurekodi masimulizi huwa, kwa mtazamo wa sheria ya Kenya, mtu asiye na leseni, hata kama idhini yake ya kuingia ni halali kabisa.

Suala hili lina uzito wa kitaaluma. Data iliyokusanywa bila idhini huathiri uhalali wa tasnifu, huwaweka watoataarifa katika hali ya kuhojiwa, na huweza kuzuia watafiti wanaofuata kupokelewa katika eneo hilo. Kwa sababu hiyo, pendekezo la utafiti linalohusisha nchi mbili linapaswa kuonesha idhini mbili. Msimamizi na mtahini wana haki ya kuuliza data ilikusanywa chini ya idhini ipi, kama wanavyouliza kuhusu sampuli na mbinu.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na ufafanuzi uliotangulia, mgeni anayekusudia kukaa muda mrefu anashauriwa kuanza na shughuli yake kabla ya tarehe za safari. Shughuli ndiyo inayoamua mamlaka ya kuanzia. Mwajiriwa nchini Tanzania huanza na Kamishna wa Kazi, na mtafiti huanza na tume ya sayansi. Idhini ya shughuli ikipatikana ndipo ombi la ukaazi linapopata msingi. Anayefuata mpangilio wa kinyume hulazimika kuishi kwa mihuri wakati akisubiri hati ambazo zingeweza kuombwa mapema.

Kabla ya kuelekea mpakani, msafiri ahakikishe kwamba pasipoti ina uhai wa angalau miezi sita na kurasa tupu, kwamba idhini ya nchi anayokwenda imekwisha kutolewa, na kwamba anayo idhini ya kurudi anakoishi. Raia wa baadhi ya mataifa huhitaji viza ya rufaa kuingia Tanzania, ambayo haitolewi mpakani bali huombwa na kusubiriwa mapema. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, hivyo cheti cha zamani hakihitaji kubadilishwa kwa sababu ya miaka kumi kupita.

Akiwa mpakani, apite yeye mwenyewe kwenye madirisha yote mawili, ataje kusudi la kweli la safari, na asome muhuri kabla ya kuondoka dirishani: tarehe, idadi ya siku na aina ya ruhusa. Kosa la uandishi husahihishwa kwa urahisi wakati afisa aliyeliandika bado yupo. Mkaazi aoneshe kibali chake pamoja na pasipoti ili asiingizwe kimakosa kama mgeni wa matembezi. Nakala za kurasa zote zenye mihuri na vibali zihifadhiwe mahali pengine.

Hatimaye, safari isipangwe katika siku ya mwisho ya muda ulioruhusiwa. Maombi ya kuhuisha kibali yawasilishwe mapema, na stakabadhi ya maombi itunzwe. Mwenye familia akumbuke kwamba mke, mume na watoto wana hadhi zao zinazoandikwa kwa hati zao, na kwamba kibali cha mwajiriwa kinapokoma, hati za wanaomtegemea hupoteza msingi wake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba viza, muhuri, kibali cha ukaazi na kibali cha shughuli hujibu maswali tofauti na hutolewa na mamlaka tofauti, ingawa Kiswahili cha kila siku huweza kuviita vyote kwa neno moja. Mpaka wa nchi kavu hudhihirisha tofauti hizo kwa ukali zaidi, kwa kuwa msafiri hufika hapo bila kuchujwa na anaweza kubaki baina ya nchi mbili pasipo haki katika yoyote. Vituo vya pamoja vimerahisisha safari, na itifaki ya mwaka 2010 imepanua haki za raia wa Jumuiya, lakini hakuna kati ya hivyo kilichougeuza muhuri kuwa kibali.

Kwa taasisi za elimu ya juu, matokeo ya uchambuzi huu ni ya kivitendo. Ofisi zinazopokea wanafunzi na watafiti wa kigeni zinapaswa kueleza mapema idhini zipi zinahitajika katika kila nchi itakayofikiwa, na kutumia istilahi kamili badala ya neno kibali pekee. Mgeni aliyeelezwa hivyo atafika Namanga akijua anaomba nini, kwa nani na kwa muda gani.